Uzito wa Dereva kwenye Drag: Pima Unakula Sekunde Ngapi, Kisha Uamue Cha Kufanya

Maswali kuhusu uzito wa dereva kwenye drag, yaani mbio fupi za njia iliyonyooka, huwa yanafanana. Mmoja ana kilo 105, rafiki yake ana 70, wote wana Toyota Mark X zenye injini ya aina moja, na kila wakishindana yule mwepesi anatangulia. Je, ni mwili?

Wanaojaribu kutafuta jibu wenyewe nao hukwama palepale. Wanakimbia asubuhi gari likiwa na kila kitu, wanashusha viti na tairi la spea, wanakimbia tena saa saba mchana, na kipimo kinasema gari jepesi limekuwa zito. Basi wanatangaza kwamba uzito ni hadithi tu.

Uzito si hadithi. Ila athari yake ni ndogo kuliko ya joto la mchana, tena ni ndogo kuliko ya kuondoka vibaya kwenye mstari. Usipovitenganisha hivyo vitatu, utapima kila kitu isipokuwa uzito. Hatua zilizo hapa chini zinavitenganisha. Mfano ninaoutumia ni gari la kawaida lisilo na turbo, kwenye mita 402, yaani robo maili. Wenye turbo na wenye pikipiki watakuta maneno yao njiani.

## Utakachohitaji

- Mahali halali. Uwanja wa mbio, au uwanja wa ndege mdogo uliokodiwa kwa kibali, wenye nafasi ya kutosha ya kusimama baada ya mita 402. Thika Road ya Nairobi usiku si mahali, hata kama "watu wote hufanya hivyo". Waliopo Ghuba wana nafuu: uwanja wa Sakhir nchini Bahrain una njia yake ya drag.
- Kifaa cha GPS cha kupimia muda, mfano Dragy au RaceBox, au saa za uwanja wenyewe. Saa ya kubonyeza kwa kidole haifai, kwa sababu kidole hukosea kuliko hicho unachokitafuta. GPS ya simu peke yake haifai pia. Simu nyingi husoma mahali zilipo mara moja tu kwa sekunde.
- Mizani mbili: ya bafuni, na ya kupimia magari.
- Geji ya upepo na pampu.
- Kipimajoto cha hewa, hata cha bei ndogo.
- Boksi la soketi. Kwa Toyota nyingi, kiti cha mbele hufunguka kwa namba 14 na betri kwa namba 10.
- Helmeti, viatu vya soli nyembamba, daftari, na msaidizi mmoja anayejua kuandika bila kubishana.

## Hatua ya 1: Pima, usikisie

Uzito ulioandikwa kwenye kadi ya gari haumhesabu dereva. Ndiyo maana hesabu nyingi za "farasi kwa kilo" zinazozungushwa vijiweni huanza na kosa.

Jipime ukiwa umevaa kila utakachokimbia nacho: helmeti, viatu, koti, hata simu iliyomo mfukoni. Helmeti peke yake ni kama kilo moja na nusu. Kisha peleka gari kwenye mizani ya magari ukiwa ndani.

Angalia hapa. Mizani nyingi za magari husoma kwa kuruka kilo 10 au 20 kwa wakati. Zinafaa kwa jumla, ila hazifai kwa kiti kimoja. Vitu vidogo vipime bafuni: panda ukiwa umekibeba, panda bila kukibeba, toa.

Pima na mafuta pia. Lita moja ya petroli ni kama kilo 0.74, kwa hiyo lita 40 ni karibu kilo 30. Wapo wanaohangaika na kitambi huku wamejaza tangi mpaka juu asubuhi ya mbio.

Umefanikiwa ukiwa na namba moja ya jumla, gari na dereva. Katika mfano wetu tuseme gari ni 1,510, dereva ni 80, jumla 1,590.

## Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuwasha gari

Unahitaji kujua unatafuta nini, la sivyo namba yoyote itakayotokea utaiamini. Kanuni inayotosha ni hii:

Asilimia ya uzito ulioongezeka, gawa kwa tatu. Hiyo ndiyo asilimia ya muda utakaoongezeka.

Kwa nini tatu? Injini inayotoa nguvu ileile mwendo wote husukuma gari kwa namna ambayo muda wa kumaliza umbali fulani unafuata kipeuo cha tatu cha uzito kwa nguvu. Uzito ukizidi mara mbili, muda hauzidi mara mbili, unazidi kwa kama robo tu. Kwa mabadiliko madogo, hesabu hiyo inakuwa kugawa kwa tatu.

Mark X yetu inamaliza kwa sekunde 15.5. Tuongeze kilo 25:

- 25 ÷ 1,590 = asilimia 1.57
- Gawa kwa tatu: asilimia 0.52
- Asilimia 0.52 ya 15.5 = sekunde 0.08

Gari likivuka mstari kwa kilomita 148 kwa saa linakwenda mita 41 kila sekunde. Sekunde 0.08 ni mita tatu na kitu.

Sasa turudi kwa yule wa kilo 105 na mwenzake wa 70. Tofauti ni kilo 35. Hesabu inatoa kama sekunde 0.11, yaani mita 4.7, na Mark X ina urefu wa mita 4.7. Kwa hiyo mwili unaeleza kuachwa kwa urefu wa gari moja. Kama unaachwa kwa magari matatu, mawili yaliyobaki katafute kwenye plagi, matairi, gia au mguu wako wa kulia.

Kilo hizohizo 25 zina athari tofauti kwenye vyombo tofauti:

| Chombo | Jumla na dereva | Muda | Kilo 25 zinaongeza |
|---|---|---|---|
| Mark X | kilo 1,590 | 15.5 | 0.08 |
| Gari dogo, mfano Vitz | kilo 1,055 | 18.0 | 0.14 |
| Pikipiki kubwa | kilo 275 | 10.5 | 0.31 |

Mwenye pikipiki aukazie macho mstari wa mwisho. Kwenye pikipiki mwendeshaji ni robo ya mzigo wote, tena kiwiliwili chake ndicho kinachopigana na upepo. Huko suala la mwili si utani.

Utasikia pia kanuni ya Wamarekani kwamba pauni 100, yaani kilo 45, ni sekunde 0.1. Ni kweli kwa magari yao mazito yanayomaliza kwa sekunde 12 hivi. Kwa Mark X yetu kilo 45 ni karibu 0.15, na kwa Vitz ni robo ya sekunde. Usiibebe kanuni ya gari la mtu mwingine.

## Hatua ya 3: Hakikisha gari ni lilelile kila mkimbio

Hapa ndipo majaribio mengi hufia, na wenyewe hawajui kama yamekufa.

Mafuta. Weka tangi katikati na urudishe hapo kila baada ya mikimbio michache. Usishuke chini ya robo. Gari likichomoka, petroli yote hukimbilia nyuma ya tangi, na pampu inaweza kunyonya hewa. Injini ikikosa mafuta huku umekanyaga mpaka mwisho, hasara yake haifanani na faida ya kilo tano.

Matairi. Jaza upepo yakiwa ya baridi, kabla gari halijatembea, kisha usiyaguse. Anayepunguza upepo katikati ya zoezi amebadilisha jaribio.

Joto la injini. Kila mkimbio uanze geji ikiwa palepale. Ipe mikimbio yote muda uleule wa kupoa, boneti wazi au boneti imefungwa, chagua moja. Wenye turbo wahesabu dakika kwa ukali zaidi, kwa sababu intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyopata joto inaiba nguvu kimyakimya.

Mengineyo: kiyoyozi kimezimwa, madirisha yamefungwa, gia kwenye hali ileile, upande uleule wa njia, uelekeo uleule. Upepo wa kusukuma ukienda na wa kukukabili ukirudi ni magari mawili tofauti.

Umefanikiwa ikiwa mikimbio mitatu mfululizo bila kubadilisha chochote inakaa ndani ya sekunde 0.1. Usipofika hapo, usiendelee na hatua ya nne. Rudia kuondoka mpaka mkono utulie.

## Hatua ya 4: Tafuta tofauti ya kilo 50, si kilo 10

Ukijaribu kwa kilo 10, unatafuta sekunde 0.03 ndani ya mikimbio inayotofautiana kwa 0.1 yenyewe kwa yenyewe. Hutaiona. Tengeneza tofauti kubwa, kisha ugawanye kwa hesabu.

Njia inayowajia wengi ni kupakia madumu ya maji au mifuko ya mchanga kwenye kiti cha abiria. Usifanye. Dumu la lita 20 ni kilo 20 zilizokaa tu, na siku utakayokanyaga breki kwa nguvu zitakuja mbele kwa kasi ya gari. Viwanja vyenye ukaguzi havikubali mzigo usiofungwa kwa bolti. Abiria naye si jiwe la mizani.

Fanya kinyume chake: badala ya kuongeza, punguza vitu ambavyo kiwanda chenyewe kilivifunga. Kiti cha abiria cha mbele, kiti cha nyuma, tairi la spea na jeki yake, kwa pamoja hukaribia kilo 50 au kuzidi. Kila kimoja kina mahali pake na bolti zake, kinatoka na kurudi palepale.

Kiti cha mbele kina hatari yake. Inama uangalie chini: utaona waya zenye soketi za rangi ya njano. Hizo ni za eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) ya pembeni au za kikaza mkanda, na ndani ya vifaa hivyo kuna baruti. Kabla ya kuzigusa:

1. Zima gari, toa ufunguo.
2. Fungua waya wa hasi wa betri.
3. Subiri. Toyota husema angalau sekunde 90. Mimi ningekunywa chai kwanza.
4. Ndipo utoe soketi, bila kuvuta waya wenyewe.

Ukiwasha gari soketi zikiwa nje, usishangae taa ya eabegi kuwaka na kubaki. Kwenye magari mengi itawaka, na itahitaji mashine ya fundi kuifuta. Kama hilo linakukera, au unahofia baruti, acha kiti cha mbele mahali pake, utumie kiti cha nyuma, spea, jeki, mazulia na spika za buti. Utapata pungufu kidogo, lakini jibu lipo.

Umefanikiwa ukiwa na orodha ya vitu vilivyotoka, kila kimoja na kilo zake, na jumla isiyopungua 40.

## Hatua ya 5: Kimbia kwa zamu

Mpangilio ni huu: gari kamili, gari jepesi, gari jepesi, gari kamili. Mikimbio mitatu katika kila zamu.

Sababu ni hewa. Tuseme unaanza asubuhi kukiwa na nyuzi 15 na unamaliza mchana kukiwa na 27. Hewa imepungua unene kwa asilimia 4, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Gawa kwa tatu: asilimia 1.3 ya sekunde 15.5 ni sekunde 0.2. Jua limekula zaidi ya kilo 50 zote ulizoshusha. Ndiyo ile hadithi ya gari jepesi kuwa zito.

Ukianza na kumaliza na gari kamili, joto linazigusa pande zote mbili sawasawa, na ukichukua wastani linajifuta. Hata hivyo usilipe nafasi: anza mapema, saa moja asubuhi, na kila mkimbio andika nyuzi za joto kando ya muda.

Kwa sababu hiyohiyo usilinganishe muda wa Nairobi na wa Dar es Salaam. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo huko inapumua hewa nyepesi na kupoteza takriban moja ya sita ya nguvu zake. Mtu aliyepanda na gari lake kutoka pwani akapunguza kilo 60 za mwili njiani bado angekuwa nyuma ya muda wake wa zamani.

Kuhusu kuondoka: usibane breki na kukanyaga mafuta kwa pamoja, usitafute kuchomoka kwa kishindo. Toka injini ikiwa kwenye mzunguko wa kusimama, kanyaga mpaka chini kwa mwendo mmoja. Muda utakuwa mbaya, na hiyo si shida. Leo unatafuta mikimbio inayofanana. Muda mzuri una siku yake.

Mkimbio wowote ambao tairi limeteleza, gia imechelewa, au umesita, ufute palepale, kabla hujaona namba yake. Ukiuangalia kwanza utautetea.

## Hatua ya 6: Soma namba tatu, si moja

Wengi huangalia muda wa mwisho tu. Kifaa chako kinatoa namba tatu, na kila moja ina habari yake.

Futi 60 za kwanza (mita 18.3). Hapa uzito hufanya jambo lisilotarajiwa. Gari lenye nguvu nyingi kuliko mshiko wa matairi yake haliongozwi na nguvu ya injini bali na mshiko, na mshiko unaongezeka kadiri uzito unavyokandamiza matairi. Gari zito linahitaji msukumo zaidi, ila pia linashika zaidi, na vitu hivyo viwili vinaelekea kufutana. Ndiyo maana dereva mzito kwenye gari linaloteleza anaweza asipoteze chochote hapo mwanzo. Kama matairi yako hayatelezi, uzito utaonekana tangu mita ya kwanza.

Muda wa mwisho. Umebeba kila kitu: uzito, kuondoka, gia, upepo. Ndio wenye faida siku ya mbio, lakini ndio msema uongo mkubwa siku ya majaribio.

Spidi ya kuvuka mstari. Huyu ndiye shahidi ninayemwamini. Kuondoka vibaya kunaharibu muda sana, ila spidi ya mwisho huigusa kidogo tu, kwa sababu spidi hiyo inatokana zaidi na nguvu uliyo nayo kwa kilo unazobeba. Kanuni ni ileile, asilimia gawa kwa tatu, upande wa kupungua. Kilo 50 kwenye Mark X yetu ni asilimia 1.05, yaani kama kilomita 1.5 kwa saa kwenye 148.

Kwa hiyo: ikiwa muda umebadilika na spidi haikubadilika, ulichopima ni mguu wako. Vikibadilika vyote viwili kwa pamoja, ndio uzito.

Kumbuka pia kwamba muda wa uwanjani hauhesabu ulichelewa kiasi gani kuitikia taa. Saa huanza tairi la mbele linapoacha mwali wa kuanzia, baada ya gari kusogea kama sentimita 30. Vifaa vya GPS vina mpangilio wa kuiga hilo. Chagua kuuwasha au kuuzima, ukae nao.

Umefanikiwa ikiwa tofauti ya kilo 50 inatoa sekunde kati ya 0.12 na 0.20 kwenye gari kama letu, na spidi inakubaliana nayo. Gawa kwa kilo ulizoshusha. Sasa unayo namba ya gari lako: kila kilo ni sekunde ngapi. Kwa Mark X ya mfano ni 0.003.

## Hatua ya 7: Angalia uzito umekaa wapi

Kilo ileile ina thamani tofauti kulingana na mahali ilipo.

Gari linalovuta kwa mbele, kama Vitz: likichomoka, uzito unarudi nyuma na matairi yanayovuta yanabaki mepesi. Kila kilo ndani ya buti ni adui mara mbili. Dereva mzito hapo hana hatia sana, amekaa katikati.

Gari linalosukuma kwa nyuma: uzito wa nyuma unasaidia mwanzo na unaumiza kuanzia hapo hadi mwisho. Kama matairi yanateleza vibaya, kuhamishia betri nyuma ni bora kuliko kuongeza chochote.

Magari ya zamani yenye eksili ngumu ya nyuma, kama Toyota KE70, AE86 na pikapu nyingi, yana kisa kizuri. Mzunguko wa propela unaisukuma eksili ili tairi la nyuma la kushoto likandamizwe na la kulia liinuke. Wamarekani, ambao dereva wao hukaa kushoto, ndiyo maana huweka betri kwenye kona ya kulia ya buti. Sisi wa usukani wa kulia tuna kilo 80 au 100 upande huo tayari. Dereva mzito wa KE70 ana kipande kidogo cha faida. Mark X haihusiki hapa, difu yake imefungwa kwenye bodi.

## Hatua ya 8: Punguza kwa mpangilio

Anza na vya bure: vitu vya buti, spika, mazulia, tairi la spea na jeki siku ya mbio tu, mafuta ya ziada. Hapo watu wengi hupata kilo 40 hadi 60 bila kufungua bolti ngumu. Kisha kiti cha nyuma.

Ukiwa na pesa, nenda kwenye rimu nyepesi. Tairi na rimu havisafiri tu, vinazungushwa pia, kwa hiyo kilo iliyo pembezoni mwa gurudumu inadai nguvu inayokaribia ya kilo mbili zilizo ndani ya gari.

Usiguse: mikanda, eabegi ya dereva, kiegemeo cha kichwa, chuma cha bampa kilicho nyuma ya plastiki, breki.

Halafu mwili. Kama daktari wako anakwambia upungue, pungua, na drag itafaidika pembeni. Kupungua kilo 10 kwa miezi ni 0.03 kwenye Mark X, na kwenye pikipiki ni zaidi ya 0.1.

Lakini acha mchezo wa kutokunywa maji tangu jana yake. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kilo moja ni sekunde 0.003. Dereva mwenye kiu, ndani ya helmeti, kwenye jua, anachelewa kuitikia taa kwa zaidi ya hapo bila hata kujua. Taa za njano za mpangilio wa kawaida huwaka kwa kupishana nusu sekunde. Katika nusu sekunde hiyo kuna nafasi ya kushinda au kupoteza kilo 30 za wali.

## Hatua ya 9: Soma sheria za daraja lako

Kabla ya kuuza viti vyako, angalia kama wepesi unaruhusiwa kukusaidia.

Madaraja makubwa ya NHRA, chama kikuu cha drag cha Marekani, yana uzito wa chini unaomhesabu dereva. Pro Stock ni pauni 2,350, kama kilo 1,066, dereva akiwemo. Dereva mwepesi anaongezewa vyuma mpaka afike. Faida inayombakia ni kuchagua vyuma hivyo vikae wapi, chini na nyuma, jambo ambalo huwezi kulifanya na tumbo. Erica Enders, bingwa wa Pro Stock mara 6 kati ya 2014 na 2023, ameshinda ndani ya sheria hiyohiyo inayowabana wanaume wa kilo 100. Daraja la pikipiki la Pro Stock, alilotawala Angelle Sampey mwaka 2000, 2001 na 2002, nalo humpima mwendeshaji pamoja na chombo.

Kwenye mbio za kutaja muda wako kabla, wepesi hauna kazi kabisa. Unaandika kwenye kioo sekunde utakazomaliza. Ukimaliza chini ya hapo umepoteza. Huko adui ni uzito unaobadilika: tangi lililopungua lita 20 kati ya raundi ya kwanza na ya nne ni kilo 15, yaani sekunde 0.05, inatosha kukutoa nje ya muda ulioutaja. Tumia namba yako ya hatua ya sita kusahihisha.

## Majibu yakikataa kueleweka

Gari jepesi limekuwa polepole zaidi. Angalia safu ya joto kwenye daftari. Ikiwa joto halikupanda, angalia futi 60: huenda umeondoa uzito uliokuwa unakandamiza matairi yanayosukuma.

Tofauti ni mara mbili ya hesabu. Kuna kingine kilichobadilika. Mara nyingi ni upepo wa matairi, au gia ya otomatiki iliyojifunza mtindo mpya baada ya betri kufunguliwa. Baada ya kurudisha betri, tembea na gari kwa utulivu kwanza, ndipo ukimbie.

Hakuna tofauti kabisa. Hakikisha kifaa hakikusoma mteremko. Vingi huonyesha mwinuko wa njia kwenye matokeo. Kisha panga spidi za kuvuka mstari peke yake, kamili upande mmoja na jepesi upande wa pili. Zikiwa zimechanganyika, ongeza mikimbio miwili kila zamu. Zikiwa zimejitenga lakini muda haujitengi, ni kuondoka, na hatua ya tatu inakusubiri.

Mwenzako mwepesi bado anakuacha. Badilishaneni magari. Kila mmoja akimbize gari la mwenzake mara tatu, asubuhi ileile. Ushindi ukibaki kwenye gari, peleka lako kwa fundi. Ukihama na dereva, na ukazidi sekunde mlizozipigia hesabu kwa kilo zenu, mwombe akufundishe kuondoka.